Faktoria na Namba Tasa

Faktoria ya namba ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi namba yenyewe. Faktoria ya 4 ni 1 × 2 × 3 × 4, yaani 24. Ya 5 ni 120. Ya 6 ni 720. Huandikwa kwa alama ya mshangao, 4!, 5!, 6!, na mtindo huo uliletwa na Christian Kramp mwaka 1808. Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Ukiziangalia kwa haraka, aina hizi mbili za namba hazina undugu wowote. Faktoria imesheheni vigawo, namba tasa imevikosa. Hata hivyo faktoria inatosha kuthibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho, ndiyo inayotoa kipimo kamili cha kutambua namba tasa, na ukisogea hatua moja tu pembeni yake unakutana na baadhi ya namba tasa kubwa zinazojulikana.

Ukubwa wa faktoria huonekana vizuri katika kazi yake ya kawaida, ambayo ni kuhesabu mipangilio. Basi dogo ambalo Nairobi ni matatu na Dar es Salaam ni daladala, Kampala huitwa taksi, nalo limesajiliwa kubeba abiria 14. Taksi inayopanda kilima cha Kibuli ikianza kujaa, abiria wa kwanza ana viti 14 vya kuchagua, wa pili ana 13, wa tatu 12, mpaka wa mwisho ambaye hana budi kukaa palipobaki. Namna zote za kukaa ni 14!, yaani 87,178,291,200. Abiria hao wakibadilishana viti mara moja kila sekunde, usiku na mchana, itawachukua zaidi ya miaka 2,700 kuzimaliza. Mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita pale Kibuli hukutana na hesabu ya namna hii kwenye mada ya mipangilio na michaguo. Kuna jambo moja ambalo namba hiyo hailionyeshi kwa macho: ukiipunguza moja, ikawa 87,178,291,199, imekuwa namba tasa.

Vigawo vilivyomo ndani ya faktoria

Kila namba tasa isiyozidi n ni kigawo cha n!, kwa sababu imo miongoni mwa namba zilizozidishwa. Linalobaki ni kujua imo mara ngapi. Adrien-Marie Legendre alieleza njia ya kuhesabu: gawanya n kwa namba tasa hiyo na uache baki, gawanya jibu kwa namba ileile, endelea hivyo hadi upate sifuri, kisha jumlisha majibu yote. Kwa 14 na 2 majibu ni 7, 3 na 1, jumla 11. Kwa 3 ni 4 na 1, jumla 5. Namba 5 imo mara mbili, 7 mara mbili, 11 na 13 mara moja moja. Hivyo

14! = 2¹¹ × 3⁵ × 5² × 7² × 11 × 13.

Sifuri mbili zilizo mwishoni mwa 87,178,291,200 zinatokana na zile 5 mbili, maana kila 5 ikikutana na 2 hutoa 10, na 2 zimo tele.

Kwamba 11 na 13 zimo mara moja tu si jambo dogo. Ili 11 ijirudie ingehitajika 22, na ili 13 ijirudie ingehitajika 26, na namba hizo zimepita 14. Mwaka 1845 Joseph Bertrand alidai kwamba kati ya namba yoyote kubwa kuliko 1 na maradufu yake hakukosekani namba tasa, na mwaka 1852 Pafnuty Chebyshev akathibitisha dai hilo. Matokeo yake kwa faktoria ni haya: namba tasa kubwa kuliko zote zisizozidi n huwa imepita nusu ya n, kwa hiyo imo ndani ya n! mara moja tu. Mraba kamili hudai kila kigawo tasa kiwemo mara mbili, mara nne, au idadi nyingine shufwa. Kwa sababu hiyo, kuanzia 2! kwenda mbele, hakuna faktoria iliyo mraba kamili.

Mwaka 1932 Paul Erdős, akiwa kijana wa miaka 19, alitoa uthibitisho mwepesi zaidi wa dai la Bertrand, na chombo alichotumia kilikuwa faktoria iliyogawanywa kwa faktoria. Mfano wa taksi unatosha kuonyesha wazo lenyewe. Kati ya abiria 14, namna za kuchagua 7 ni 14! ÷ (7! × 7!), yaani 3,432, na 3,432 = 2³ × 3 × 11 × 13. Namba tasa zilizo kati ya 7 na 14, ambazo ni 11 na 13, zimesalia zote, kwa sababu chini ya mgawanyo hakuna cha kuziondoa. Erdős alionyesha kwamba namba ya aina hii ni kubwa mno kuweza kujengwa kwa namba tasa ndogo peke yake. Kati ya n na maradufu yake lazima kuwe na namba tasa inayochangia ukubwa huo.

Hatua moja pembeni

Ukiongeza 1 kwenye faktoria, mambo yanageuka. Namba n! inagawanyika kwa kila namba kuanzia 2 hadi n, kwa hiyo n! + 1 ikigawanywa kwa yoyote kati ya hizo hubakiza 1. Haina kigawo hata kimoja kidogo. Lakini kila namba kubwa kuliko 1 ina angalau kigawo kimoja kilicho namba tasa, na hapa kigawo hicho hakina budi kuwa kikubwa kuliko n. Basi utaje n yoyote, ipo namba tasa inayoizidi, na namba tasa hazina mwisho. Wazo hili ni la Euclid, aliyeliandika katika kitabu cha tisa cha Elements karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Yeye alizidisha namba tasa zenyewe, nayo faktoria inafanya kazi ileile.

Wanaoanza somo hili hukosea mara kwa mara kwa kudhani kwamba uthibitisho huo unasema n! + 1 yenyewe ni tasa. Hausemi hivyo. 4! + 1 ni 25, yaani 5 × 5. 5! + 1 ni 121, yaani 11 × 11. 6! + 1 ni 721, yaani 7 × 103. Kilichoahidiwa ni kwamba vigawo tasa vitazidi n, na katika mifano yote mitatu ahadi hiyo imetimia.

Ukisogea hatua zaidi ya moja, faktoria inaonyesha upande wa pili: nafasi ndefu zisizo na namba tasa. Namba n! + 2 inagawanyika kwa 2, n! + 3 kwa 3, na hivyo hivyo hadi n! + n inayogawanyika kwa n. Kwa hiyo kuanzia 101! + 2 hadi 101! + 101 kuna namba 100 mfululizo ambazo hakuna hata moja iliyo tasa. Mtu akitaka milioni moja mfululizo, anapewa kwa njia hiyohiyo. Ila njia hii huonyesha kwamba nafasi kama hizo zipo, bila kuonyesha zinapotokea kwa mara ya kwanza. Faktoria ya 7 inatoa namba sita mfululizo zisizo tasa, kuanzia 5,042 hadi 5,047, ilhali kuanzia 90 hadi 96 tayari ziko saba.

Kanuni ya Wilson

Hesabu moja ya kale inaweza kusimuliwa hivi. Muuza mayai akiyapanga mawili mawili linabaki moja. Akiyapanga matatu matatu, manne manne, matano matano au sita sita, bado linabaki moja. Akiyapanga saba saba halibaki hata moja. Ana mayai mangapi? Aliyeitafiti hesabu hii kwa undani ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa karibu mwaka 965 aliyefariki Kairo karibu mwaka 1040, ambaye sifa yake kubwa ni kazi yake juu ya mwanga na macho. Jibu alilolipata kwa njia ya faktoria ni 6! + 1, yaani mayai 721: trei 24 za mayai thelathini thelathini na yai moja juu. Jibu dogo kuliko yote ni 301, yaani trei kumi na yai moja. Ubora wa njia ya faktoria uko katika kauli yake ya jumla: weka namba tasa yoyote p mahali pa 7, na (p − 1)! + 1 itagawanyika kwa p bila baki.

Kiswahili kimechukua maneno mengi ya fani hii kutoka lugha aliyoandikia msomi huyo. Hisabati, shufwa na witiri ni ya Kiarabu, na wanaoswali katika msikiti ulio juu ya kilima cha Kibuli wanaijua witiri pia kama swala ya usiku yenye rakaa za idadi isiyo shufwa. Kanuni yenyewe, hata hivyo, ilienea duniani kwa jina la Mwingereza. Mwaka 1770 Edward Waring aliichapisha na kusema imetoka kwa mwanafunzi wake John Wilson. Wala mwalimu wala mwanafunzi hakuweza kuithibitisha. Uthibitisho wa kwanza uliochapishwa ni wa Joseph-Louis Lagrange, aliyeupata mwaka 1771. Maandishi yaliyoachwa na Leibniz yanaonyesha kwamba naye aliifahamu kanuni hii kabla yao.

Sababu ya kanuni huonekana ukichukua mfano mmoja na kuutazama kwa karibu. Chukua 11, na uandike 10! kama zao la namba kuanzia 1 hadi 10. Weka 1 na 10 kando, kisha zilizobaki uzioze mbili mbili. 2 × 6 ni 12, na 3 × 4 ni 12 vilevile. 12 ikigawanywa kwa 11 hubakiza 1. 5 × 9 ni 45, hubakiza 1. 7 × 8 ni 56, nayo hubakiza 1. Kila jozi, kwa upande wa mabaki, ni sawa na 1, kwa hiyo zao lote linabakiza kile ilichobakiza 10 peke yake, yaani 10. Ukiongeza 1 unapata 11, na baki linaisha. Hesabu inakubali: 10! + 1 = 3,628,801 = 11 × 329,891. Kwa namba tasa yoyote jozi za namna hii hukamilika, kwa kuwa kila namba kuanzia 2 hadi p − 2 ina mwenzake mmoja tu, naye si yeye mwenyewe.

Kinyume chake nacho ni kweli. Namba isiyo tasa hailitimizi sharti hili kamwe. Ikiwa n si tasa na imezidi 4, vigawo vyake vyote vimo ndani ya (n − 1)!, kwa hiyo faktoria hiyo inagawanyika kwa n, na ukiongeza 1 baki ni 1. Kwa 4 yenyewe, 3! + 1 ni 7, nayo haigawanyiki kwa 4. Hapo ndipo kanuni ya Wilson inapokuwa kipimo kamili: kila namba tasa inapita, na isiyo tasa haipiti. Mwaka 1949 P. A. Clement aliipanua ikapima namba tasa pacha, yaani zile zinazotofautiana kwa 2. Namba n na n + 2 zote ni tasa pale tu 4 × ((n − 1)! + 1) + n inapogawanyika kwa n × (n + 2). Kwa 5 na 7 hesabu ni 4 × 25 + 5 = 105, yaani 3 × 35, na kipimo kimepita.

Udhaifu wa vipimo hivi ni gharama. Kupima namba yenye tarakimu 20 kungedai kuzidisha namba nyingi kiasi kwamba kazi isingekwisha kwa muda wa maana. Wanaopima namba tasa leo hutumia njia nyingine, na mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa India walionyesha njia ambayo muda wake hauongezeki kupita kiasi kadiri tarakimu zinavyoongezeka. Thamani ya kanuni ya Wilson iko katika maarifa inayotoa.

Moja ya maswali yaliyozaliwa nayo ni hili: lini (p − 1)! + 1 hugawanyika kwa p mara mbili? 4! + 1 ni 25, yaani 5². 12! + 1 ni 479,001,601, yaani 13² × 2,834,329. Namba ya tatu yenye sifa hiyo ni 563, iliyogunduliwa mwaka 1953. Edgar Costa, Robert Gerbicz na David Harvey walichunguza namba tasa zote hadi trilioni 20, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014 hawakupata ya nne. Inadhaniwa kwamba zipo bila mwisho. Kwa kila namba tasa p, nafasi ya sifa hii kutokea ni kama moja katika p, na jumla ya nafasi hizo inaendelea kukua bila kikomo, ila kwa mwendo wa taratibu sana.

Namba tasa za faktoria

Namba tasa za umbo la n! − 1 au n! + 1 huitwa namba tasa za faktoria. Za kutoa moja zinapatikana n ikiwa 3, 4, 6, 7, 12, 14, 30, 32, 33, 38, 94, kisha 166 na kuendelea. Za kwanza ni 5, 23, 719 na 5,039, halafu 479,001,599, na baada yake ile ya abiria wa taksi, 87,178,291,199. Za kuongeza moja zinapatikana n ikiwa 1, 2, 3, 11, 27, 37, 41, 73, 77, kisha 116 na kuendelea; kwa mfano, 11! + 1 ni 39,916,801. Katika zote zinazojulikana, 3 ndiyo pekee inayotoa namba tasa pande zote mbili: 5 na 7.

Kanuni ya Wilson inaeleza baadhi ya mapengo katika orodha hizo. Ikiwa n + 1 ni namba tasa, basi n! + 1 inagawanyika kwayo. Ndiyo maana 4, 6, 10 na 12 hazimo katika orodha ya kuongeza moja. Ikiwa n + 2 ni namba tasa, n! − 1 ndiyo inayogawanyika kwayo. Ndiyo maana 5, 9 na 11 hazimo katika orodha ya kutoa moja. 5! − 1 ni 119, yaani 7 × 17. 9! − 1 ni 362,879, yaani 11² × 2,999. Namba ndogo sana kama 2! + 1 = 3 na 3! − 1 = 5 zinasalimika kwa sababu hapo kigawo ni namba yenyewe. Mapengo mengine hayana kanuni: 8! − 1 ni 23 × 1,753, na 13! − 1 ni 1,733 × 3,593,203, ingawa 12 na 14 zilizo jirani yake zote mbili zimefanikiwa. Upande wa pili wa 14! nao haukufanikiwa, maana 14! + 1 inagawanyika kwa 23.

Je, namba hizi zina mwisho? Hakuna uthibitisho wa upande wowote. Yapo makadirio yenye msingi mzuri, yaliyochapishwa na Chris Caldwell na Yves Gallot mwaka 2002. Namba ya kawaida yenye ukubwa wa n! ina nafasi finyu ya kuwa tasa, kama moja katika n mara logi asilia ya n. Lakini n! ± 1 imekwisha kuepukana na vigawo vyote hadi n, na hilo linaiongezea nafasi. Ukiunganisha mambo hayo mawili, nafasi inakuwa karibu 1.78 gawanya kwa n. Maana yake, kila n inapokua mara kumi tutarajie namba tasa mpya kama nne za kila umbo. Orodha ya kutoa moja ina nne hadi 10, saba kati ya 10 na 100, sita hadi 1,000, nne hadi 10,000. Makadirio hayako mbali na hali halisi, nayo yanaashiria kwamba orodha haiishi.

Namba hizi zinapendwa na wanaotafuta namba tasa kubwa kwa sababu uthibitisho wake unapatikana. Édouard Lucas alionyesha katika karne ya 19 kwamba ukijua vigawo vyote tasa vya namba iliyo moja chini ya N, unaweza kuthibitisha kwa uhakika kama N ni tasa. Njia inayofanana ipo kwa namba iliyo moja juu. Kwa namba kubwa za kawaida vigawo hivyo havijulikani. Kwa n! + 1, namba iliyo moja chini ni n! yenyewe, ambayo njia ya Legendre inaifungua yote; kwa n! − 1, n! ndiyo iliyo moja juu. Mradi wa PrimeGrid hugawa kazi hii kwa kompyuta za watu wa kujitolea popote duniani. Mwaka 2016 ulipata kwamba 208003! − 1, yenye tarakimu 1,015,843, ni tasa. Mwaka 2022 ikapatikana 422429! + 1, yenye tarakimu 2,193,027.

Ndugu wa faktoria

Ukizidisha namba tasa peke yake, bila namba nyingine, unapata zao ambalo Harvey Dubner aliliita primoriali mwaka 1987. Hili ndilo zao la Euclid. Ukiongeza 1, hatua tano za kwanza hutoa 3, 7, 31, 211 na 2,311, zote tasa. Ya sita, 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 + 1, ni 30,031, yaani 59 × 509. Reo Fortune, ambaye taaluma yake ilikuwa kuchunguza jamii na mila za watu, aliuliza ni namba gani ndogo zaidi inayozidi 1 ambayo ukiiongeza kwenye primoriali unapata namba tasa. Kwa 30,030 ni 17, maana 30,047 ni tasa. Alidhani kwamba namba hiyo ya kuongeza ni tasa kila mara. Dhana yake haijathibitishwa wala kukanushwa.

Swali la mwisho linarudi kwenye 4! + 1 = 5² na 5! + 1 = 11². Faktoria yenyewe haiwi mraba, lakini ikiongezwa moja inaweza kuwa. Baada ya hizo mbili inakuja 7! + 1 = 5,041, yaani 71². Henri Brocard aliuliza mwaka 1876 na tena mwaka 1885 kama zipo nyingine, na Srinivasa Ramanujan akauliza swali hilohilo mwaka 1913. Bruce Berndt na William Galway, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2000, walipekua hadi n ya bilioni moja bila kuona ya nne. Katika mifano hiyo mitatu, 5, 11 na 71 zote ni namba tasa, na zote zimeizidi n yao, kama hoja ya Euclid inavyodai.

Yaliyothibitishwa na yasiyothibitishwa yamegawanyika kwa mpaka ulio wazi. Vigawo vya ndani vya n! vinajulikana vyote. Kwamba n! + 1 ina kigawo tasa kinachozidi n, na kwamba (p − 1)! + 1 hugawanyika kwa p, ni mambo ya hakika kwa kila namba. Lakini kama n! + 1 au n! − 1 yenyewe huwa tasa mara zisizo na mwisho, kama n! + 1 inawahi tena kuwa mraba, na kama 563 inafuatiwa na nyingine, hayo bado yanangoja uthibitisho.